Figo zimekufa, losartani inazuia nini?

Mwalimu mmoja wa bailojia ameniandikia kutoka Tanga mjini. Mjomba wake, mzee wa Makorora aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana, figo zake zote mbili zimeshindwa baada ya presha ya miaka mingi, na sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Katika mfuko wake wa dawa mna losartani ya miligramu 50, dawa ya presha. "Shikamoo Daktari," anaandika. "Nawafundisha watoto wa kidato cha sita kwamba renini hutoka kwenye figo, renini ndiyo huanzisha angiotensini, na losartani huziba njia ya angiotensini. Kama figo za mjomba zimekufa, renini inatoka wapi? Na kama haitoki popote, dawa hii inazuia nini? Au mzee anameza bure na hela inapotea?"

Marahaba, Mwalimu. Mzee hamezi bure. Sababu ziko mbili, na ya kwanza haihitaji hata kutoka nje ya figo.

Tunaposema figo zimeshindwa, tulichopima ni uchujaji. Kreatinini, yaani taka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuitoa, imepanda, mkojo umepungua, maji yamejaa miguuni. Lakini seli zinazotoa renini, kimeng'enya kinachoanzisha mnyororo wa kupandisha presha, hazimo kwenye chujio. Ziko kwenye ukuta wa mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio, na kazi yake ni kusikiliza msukumo wa damu pale mlangoni. Figo iliyosinyaa na kujaa makovu ina mishipa iliyobanwa. Seli hizo zinahisi damu haifiki, kwa hiyo zinamwaga renini hata kama kipimo cha mkononi kinasoma 190. Chujio limekwisha, ila renini bado inatoka, na mara nyingi inatoka kuliko inavyotakiwa.

Hili lilijulikana kwa njia ngumu. Katika miaka ya 1960 na 1970, dawa za kuziba njia hii zilipokuwa bado hazijaingia sokoni, walikuwapo wagonjwa wa mashine ambao presha yao haikushikika kwa lolote. Baadhi yao walipasuliwa wakatolewa figo zote mbili, zile zile zilizokuwa zinahesabiwa hazina kazi tena, na kwa wengi presha ikashuka. Kama figo za mjomba bado zimo tumboni, na bila shaka zimo, basi sehemu ya kwanza ya jibu lako ni kwamba losartani inazuia kazi ya renini inayotoka humo humo.

Sasa tuchukulie zimetolewa kabisa. Hapo ndipo swali lako linapogusa jambo ambalo vitabu vya shule havina nafasi nalo, na watafiti wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne: je, viungo vingine vina mfumo wao wa renini na angiotensini?

Turudi kidogo kwenye mnyororo wenyewe, maana jibu limejificha kwenye jiografia yake. Ini hutengeneza protini kubwa, angiotensinojeni, na kuiachia kwenye damu. Renini huikata na kutoa kipande cha asidi amino 10, angiotensini ya kwanza, ambayo yenyewe haina nguvu yoyote ya maana. Kisha kimeng'enya ambacho vitabu hukiandika kwa herufi ACE hung'oa asidi amino 2 za mwisho. Zinabaki 8, na hiyo ndiyo angiotensini ya pili: inayobana mishipa, inayoamsha aldosteroni (homoni inayoufanya mwili ushike chumvi), inayoleta kiu na, ikikaa kwa wingi miaka na miaka, inayonenepesha misuli ya moyo na kuujaza makovu. Inafanya karibu yote hayo kwa kushika kipokezi kiitwacho AT1, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wake. Losartani hukalia kipokezi hicho.

Angalia mambo mawili hapo. Mkato wa mwisho haufanyiki kwenye figo. ACE imebandikwa kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu mwili mzima, tena kwa wingi mno kwenye mapafu. Ile inayoelea kwenye damu ni sehemu ndogo tu. Na angiotensini ya pili ikishaingia kwenye damu haidumu hata dakika moja kabla ya kuvunjwa. Kiungo kinachoihitaji kwa wingi hakiwezi kutegemea tu ile inayopita njiani. Inabidi itengenezwe hapo hapo, mlangoni pa seli itakayoitumia.

Fikra kwamba yote haya ni mambo ya figo ina historia yake. Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja majimaji yake, wakawadunga sungura wengine na kuona presha inapanda. Walichokipata wakakiita renini, jina linalotokana na figo. Kwa miongo mingi baadaye kila mtu alitafuta majibu ndani ya figo, na haikuwa makosa, maana figo ndiyo kiwanda kikuu. Mtu mwenye figo mbili zilizotolewa, renini hai katika damu yake hushuka hadi karibu na sifuri.

Lakini kuna kinachobaki, nacho ni prorenini, yaani renini ambayo bado imefunikwa. Ina mkia wa asidi amino 43 uliolala juu ya mdomo wake wa kukatia, kwa hiyo haiwezi kuikata angiotensinojeni. Katika damu ya mtu mzima wa afya prorenini ni nyingi kuliko renini, mara 10 hivi. Na mtu asiye na figo bado anayo, ingawa imepungua. Maana yake kuna viungo vingine vinavyoitoa.

Vinajulikana. Ovari ni kimoja. Majimaji yanayozunguka yai linalopevuka yamejaa prorenini, na mwanamke akishika mimba prorenini ya damu yake hupanda mapema sana, katika wiki za mwanzo. Kwamba inatoka kwenye ovari kulithibitishwa na wanawake ambao ovari zao hazifanyi kazi, waliopata mimba kwa yai la kupewa: kwao mpando huo haukuonekana. Kondo la nyuma na utando wa mji wa mimba nao hutoa. Hata prorenini yenyewe ilianza kuonekana kwenye maji ya chupa ya uzazi, mwaka 1971, pale Eugenie Lumbers alipoyatia asidi akaona nguvu ya renini inaongezeka: asidi ilikuwa imeinua ule mkia.

Baridi nayo huuinua. Nalisema hili kwa ajili ya wanafunzi wako watakaokwenda kusomea maabara. Kwa joto la Tanga, mkono wa kwanza wa kila mtu ni kuiweka sampuli ya damu kwenye kibaridi chenye barafu. Kwa vipimo vingi ni sawa kabisa. Kwa renini ni kuharibu: kwenye nyuzi karibu na sifuri prorenini huanza kufunuka, na jibu linarudi likisema mgonjwa ana renini nyingi wakati hana. Sampuli ya renini hukaa kwenye joto la kawaida la chumba hadi itenganishwe, ndipo plazma, yale majimaji ya damu yasiyo na seli, igandishwe haraka.

Je, prorenini hii ya ovari na kondo inafanya kazi gani kwenye presha ya mtu asiye na figo? Kwa maoni yangu, kidogo sana. Imefunikwa, na hatuna ushahidi wa kuaminika kwamba hufunuka kwa wingi ikiwa kwenye damu. Wako wenzangu waliojenga nadharia kubwa juu yake. Mimi sioni msingi wa kutosha. Kwa mjomba wako, ambaye hata ovari hana, tuiache.

Kiungo ambacho kweli kina renini yake ni tezi ya adrenali, ile iliyokaa juu ya figo kama kofia. Safu yake ya nje, inayotengeneza aldosteroni, hutengeneza renini pia. Panya wakitolewa figo, renini ya damuni hutoweka lakini ya kwenye adrenali huongezeka. Mwaka 1990 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza panya wakubwa waliopandikizwa jeni ya renini ya panya wadogo. Wanyama hao walipata presha kali ya kuua. Kilichoshangaza ni kwamba renini hai kwenye damu yao ilikuwa ya chini, wakati adrenali zao zilikuwa zimejaa renini. Ungepima damu peke yake ungesema mnyama huyu hana tatizo la renini kabisa. Panya si binadamu, nalijua hilo, lakini jaribio lile liliwalazimisha watu wengi kukubali kwamba kipimo cha damu hakisemi yote yanayotokea ndani ya viungo.

Moyo ni habari nyingine, nao ndio unaomhusu mjomba kuliko vyote, maana wagonjwa wa mashine wengi hufa kwa moyo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba misuli ya moyo hujitengenezea renini. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wakaliweka hilo kwenye mizani mwaka 1994. Waliwatoa nguruwe figo kisha wakapima renini ndani ya nyama ya moyo, na renini ya moyoni ikawa imetoweka pamoja na ile ya damuni. Moyo haukuwa na renini yake. Ulikuwa unaichukua kwenye damu. Wengine wangesema basi, hakuna mfumo wa moyoni. Lakini vipimo hivyo hivyo na vilivyofuata vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya angiotensini ya pili iliyomo moyoni haiji ikiwa tayari kutoka kwenye damu, hutengenezwa ndani ya nyama ya moyo yenyewe. Wewe ni mtu wa Tanga, utanielewa nikisema hivi: singa za mkonge zinatoka koronani, kwenye kiwanda cha kuchakata majani yake, lakini kamba iliyosokotwa nyumbani ni kamba ya nyumbani, na mwenye nyumba ndiye anayeamua unene wake.

Hapo ndipo ninaposimama mimi katika mabishano haya. Tukidai kila kiungo kiwe na vyote, angiotensinojeni yake, renini yake, ACE yake, basi mifumo ya namna hiyo ni michache. Angiotensinojeni ya damuni karibu yote ni ya ini, na renini karibu yote ni ya figo. Lakini mgonjwa haumizwi na mahali malighafi ilipotoka. Anaumizwa na mahali mkato wa mwisho ulipofanyika na kipokezi kilichokuwa jirani. Kwa maana hiyo moyo, mishipa na adrenali vina mfumo wa mahali pake, na dawa hufanya kazi huko.

Moyo wa binadamu una njia nyingine pia. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitenga kutoka humo kimeng'enya kiitwacho kaimesi, ambacho hukata angiotensini ya kwanza mahali pale pale ACE inapokata. Kinahifadhiwa hasa kwenye seli za kinga zilizomo ndani ya nyama, na dawa za kuzuia ACE, kama kaptoprili na enalaprili, hazikigusi. Losartani haijali angiotensini ya pili imetengenezwa na nani, kwa sababu yenyewe inasubiri kwenye kipokezi. Hii si sababu ya kusema losartani ni bora kuliko enalaprili. Majaribio makubwa kwa wagonjwa hayajaonyesha ushindi wa namna hiyo. Ila inakujibu wewe: figo zingekuwa hazipo kabisa, bado kuna kitu cha kuzuia.

Kuhusu ubongo nitasema kidogo. Tangu mwaka 1971 imedaiwa kwamba ubongo una renini yake. Vipimo makini vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba nyingi ya ile iliyodhaniwa ni ya ubongo ilikuwa damu iliyobaki kwenye mishipa ya sampuli. Kinachojulikana vizuri ni kwamba angiotensini ya pili ya damuni huyafikia maeneo madogo ya ubongo yasiyo na ule ukuta unaozuia vitu vya damuni kupita, na huko huamsha kiu. Mgonjwa wa mashine anaijua kiu hiyo. Chumvi huichochea zaidi, kwa hiyo papa mkavu na ng'onda za jioni zinarudi asubuhi kama kilo mbili za maji kwenye mizani ya kitengo. Na niseme wazi, kwa mtu anayesafishwa damu, presha nyingi ni ya maji na chumvi. Maji yakitolewa vizuri hadi uzito mkavu aliopangiwa, yaani uzito wake bila maji ya ziada, presha ya wengi hushuka kabla hata ya kidonge. Losartani haiwezi kufanya kazi ya mashine.

Kuna kiungo kimoja kilichobaki ambacho hakitajwi sana, na kwa mjomba ndicho cha kuogopa: utumbo mpana.

Kwa mtu wa afya, karibu potasiamu yote anayokula hutoka kwa mkojo. Utumbo mpana hutoa sehemu ndogo, asilimia 5 hadi 10. Figo zikishindwa, utumbo mpana hujifunza kazi mpya na unaweza kufika kutoa hadi theluthi moja hivi ya potasiamu ya chakula. Ni msaada mkubwa, maana kati ya siku moja ya mashine na nyingine hakuna mlango mwingine. Unafanyaje? Mwaka 1998 yalichapishwa majaribio ya panya walioharibiwa figo. Kwenye utumbo wao mpana vipokezi vya angiotensini ya pili vilikuwa vimeongezeka, na utumbo ulikuwa unamwaga potasiamu kwa wingi. Walipopewa losartani, umwagaji huo ulizimika. Mwaka 2002 ukachapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa mashine: waliotumia dawa za kuzuia ACE au za kukalia kipokezi walipata potasiamu ya juu mara nyingi zaidi, wakiwemo wale ambao hawakojoi kabisa. Fikiria hilo kama mwalimu. Mtu asiyekojoa hana mkojo wa kutolea potasiamu, na bado dawa imembadilisha potasiamu yake. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba mfumo huu unafanya kazi nje ya figo, ushahidi huu ndio ninaouanza, kwa sababu mgonjwa yuko mbele yake na kipimo chake kipo kwenye faili.

Je, dawa hizi zinarefusha maisha ya watu wa mashine? Hapa lazima niwe mkweli kwako, ushahidi ni dhaifu kuliko ule wa wagonjwa wengine. Kwa watu wenye moyo ulioshindwa kabisa, enalaprili ilipunguza vifo waziwazi katika jaribio la 1987. Kwa figo za wagonjwa wa kisukari ambazo bado hazijafa, losartani ilionyesha faida 2001. Lakini kwa wanaosafishwa damu, jaribio la fosinoprili (ya kuzuia ACE) la 2006 na lile la olmesartani (ndugu ya losartani) la Japani lililochapishwa 2013 hayakupata faida ya uhakika. Kwa hiyo daktari anapompa mjomba losartani ana sababu ya presha, na ana sababu kubwa zaidi kama moyo wake ni dhaifu au umenenepa. Akikuambia itamponya figo, hapo muulize tena.

Utasikia pia kwamba dawa hizi hazitufai sisi Waafrika kwa kuwa renini yetu ya damuni ni ya chini. Ni kweli kwamba zikitumiwa peke yake kushusha presha huwa hafifu kwa wengi wetu. Jaribio la 2019 lililofanywa katika nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, kwa wagonjwa 728, lilionyesha kwamba amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa, ikiunganishwa na dawa ya kukojoza, au na perindoprili ambayo ni ya kuzuia ACE, hushusha presha vizuri kuliko perindoprili na ya kukojoza bila amlodipini. Ikipata mwenzake anayefaa, inafanya kazi. Usimwachishe mjomba dawa kwa sababu ya maneno ya kijiweni.

Wanafunzi wako waambie hivi bila kuwavuruga na mtihani: kiwanda kikuu cha renini ni figo, cha angiotensinojeni ni ini, na angiotensini ya pili hutengenezwa mahali pengi inapotumika. Watapata alama zao, na mlango utakuwa umebaki wazi.

Kwa mzee mwenyewe, losartani haitolewi na mashine, kwa hiyo presha yake ikiwa inashuka sana wakati wa kusafishwa, amuulize daktari kama anaweza kuimeza usiku, au baada ya mashine badala ya kabla. Potasiamu ipimwe kwa damu iliyotolewa kabla ya kuunganishwa kwenye mashine, hasa siku inayofuata pengo refu la mwisho wa wiki, kwa kuwa hapo ndipo imepanda zaidi. Machungwa ya Muheza ni matamu na dafu linapoza, lakini vyote viwili vimejaa potasiamu, pamoja na ndizi na mchicha. Muhogo na viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya wenye presha asiiguse, mara nyingi ni potasiamu tupu. Na akihisi miguu imeisha nguvu ghafla, au mapigo ya moyo yanaruka au yamekuwa mazito, asisubiri zamu yake ya mashine: mpelekeni hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mwambieni mtu wa mapokezi kwamba ni mgonjwa wa figo anayetumia losartani.